Soketi ni ile ile ya 1151: je, i5 ya kizazi cha nane itakubali kwenye HP yangu?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nina duka la kuchapisha. Kazi kubwa ni vijitabu vya mazishi, mabango na kadi za harusi, na Alhamisi na Ijumaa foleni hufika nje. Natumia HP EliteDesk 800 G2, ile nyembamba, i5-6500, RAM ya GB 8 na diski ya zamani ya kuzunguka. Siku hizi imekuwa nzito sana, na tena inaniambia haifai kwa Windows 11. Kijana mmoja wa Nairobi ananiuzia prosesa ya i5-8500 kwa shilingi elfu tisa. Anasema soketi ni ile ile ya 1151, nitoe ya zamani niweke hiyo, basi. Fundi wa hapa mtaani anasema ikikataa tutabadilisha mazabodi. Je, nilipe? Na kijana wangu anauliza kama tunaweza kuweka kadi ya michezo humo humo.

JIBU: Usilipe, dada. Prosesa hiyo itaingia kwenye soketi yako bila kusukumwa, kifuniko kitafunga, feni itarudi mahali pake, na ukibonyeza swichi utakutana na skrini nyeusi. Kijana wa Nairobi hajasema uongo kuhusu namba: mashine yako ni LGA1151 na i5-8500 ni LGA1151. Shida ni kwamba Intel ililitumia jina hilo kwa soketi mbili zinazofanana kwa umbo na kutofautiana kwa kazi ya pini, na muuzaji anayesoma namba peke yake hawezi kuliona hilo.

Nikueleze ilivyokuwa. LGA1151 ilitoka mwaka 2015 pamoja na kizazi cha sita, ndicho chako. Kizazi cha saba kikafuata mwanzoni mwa 2017 kwenye soketi hiyo hiyo. Mpaka hapo i5 za kompyuta za mezani zilikuwa na viini (cores) 4. Oktoba 2017 kikaja kizazi cha nane, i5 ikapanda hadi viini 6, na viini vya ziada vinataka umeme wa ziada. Intel haikuongeza pini, ilizigawia kazi upya. Pini za kuingiza umeme zilikuwa 128, zikawa 146. Za arthi zilikuwa 377, zikawa 391. Nyingi ya zilizoongezwa zilitoka kwenye zile ambazo hapo awali ziliachwa bila kazi. Bodi yako iliundwa kabla ya mgawo huo mpya, kwa hiyo haina njia za kupeleka umeme mahali ambapo i5-8500 inautafuta.

Kinachowaponza watu zaidi ni vile vikato viwili vidogo pembeni mwa prosesa. Kazi yake ni kuzuia prosesa isiyofaa isikae. Chukua ya kizazi cha nne, LGA1150, ujaribu kuiweka kwenye bodi ya kizazi cha tatu, LGA1155: vikato havilingani, inakataa hapo hapo, na hasara huna. Kwa 1151 vikato viliachwa pale pale na kipimo kikabaki milimita 37.5 kwa 37.5. Mimi naona hapo Intel iliwakosea wateja. Ingetosha kusogeza kikato kimoja, au kuipa soketi jina jingine.

Utasikia kuna watu waliofaulu kuwasha prosesa za kizazi cha nane kwenye bodi za kizazi cha sita. Wapo, ni kweli. Walichukua bodi za dukani za watu wa michezo, wakaandika upya kwa mkono BIOS, programu iliyo ndani ya bodi yenyewe, na wengine wakaziba baadhi ya vituo vya prosesa kwa utepe. Ni ufundi wa kupendeza kwa mtu mwenye bodi ya kuchezea na wikendi ya kupoteza. Mashine inayolipa kodi ya duka haichezewi hivyo.

Tuache hiyo i5-8500 kidogo, kwa sababu kisa hiki kina ndugu zake wengi na utakutana nao. Ili prosesa iwake, mambo matatu lazima yakubaliane. La kwanza ni soketi, ambayo ni umbo tu. La pili ni chipseti, ile chipu kubwa ya pili kwenye bodi inayosimamia mawasiliano ya prosesa na vifaa vingine. Yako ni Q170, ya mfululizo wa 100, na kizazi cha nane Intel ilikifungia kwenye mfululizo wa 300. La tatu ni BIOS, ambayo lazima iwe na maelezo ya prosesa hiyo ndipo iitambue. Wauzaji wengi huishia kwenye la kwanza.

Intel ilirudia mchezo huo baadaye. Soketi ya LGA1200, iliyokuja 2020 na kizazi cha kumi, inapokea pia kizazi cha kumi na moja, lakini si kwenye chipseti za H410 na B460. Kwa hiyo mtu mwenye bodi ya H410 anayenunua i5-11400 kwa kuangalia soketi pekee yuko pale pale ulipokuwa unaelekea wewe.

AMD, washindani wa Intel wenye prosesa za Ryzen, nao wana yao. Soketi yao ya AM4 imesifiwa kwa kudumu, na sifa hiyo ni ya haki: Ryzen za kwanza ziliingia humo 2017 na bado walikuwa wanatoa prosesa mpya za soketi hiyo mwaka 2024. Lakini Mei 2020 walitangaza kwamba bodi za mfululizo wa 400, kama B450, hazingepokea Ryzen 5000 zilizokuwa njiani. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba chipu ya kuhifadhi BIOS kwenye bodi nyingi ilikuwa na MB 16 tu, isingetosha kubeba orodha ya prosesa zote za AM4. Wateja wakapiga kelele, na ndani ya mwezi huo huo AMD wakageuza uamuzi. Bodi, soketi na umeme vyote vilikuwa tayari. Kilichokuwa kinagombaniwa ni nafasi kwenye kumbukumbu ndogo ya BIOS. Ndiyo maana mpaka leo ukinunua B450 ya mtumba na Ryzen 5 5600G, lazima kwanza uhakikishe BIOS imesasishwa. Vinginevyo utahitaji kuazima prosesa ya zamani ili uisasishe.

Sasa kwenye mashine za ofisi kama yako kuna mlinda lango wa nne: HP mwenyewe. Bodi ya dukani, ya ASUS au Gigabyte, huwa na BIOS inayoendelea kuongezewa prosesa kwa miaka kadhaa, kwa sababu kampuni inataka kuuza bodi. HP, Dell na Lenovo wanauza kompyuta nzima, kwa hiyo huweka zile prosesa walizouzia mashine hiyo na kuishia hapo. Kila modeli ya HP ina waraka unaoitwa QuickSpecs, unapatikana bure kwenye intaneti, na ndani yake kuna orodha ya prosesa. Ya 800 G2 ni ya kizazi cha sita. Hata kizazi cha saba, ambacho bodi nyingi za dukani za mfululizo wa 100 hukipokea baada ya kusasisha BIOS, usikinunulie mashine hii. Kisichokuwa kwenye orodha ya mtengenezaji, mwache muuzaji abaki nacho.

Kubwa kuliko zote kwenye orodha hiyo, kwa kasha lako, ni i7-6700 ya wati 65. Ina viini 4 kama i5 yako ila nyuzi za kazi (threads) 8 badala ya 4, na mwendo wake unafika GHz 4.0 wakati yako inaishia 3.6. Itakubali, na itasaidia kidogo ukiwa unatoa PDF ndefu huku Photoshop iko wazi. Mimi nisingeinunua, na nitakueleza kwa nini nikifika kwenye Windows.

Kuhusu ushauri wa kubadilisha mazabodi. Fundi wako ana nia njema, lakini nadhani hajafungua kasha la HP la aina hii akiwa na bodi ya dukani mkononi. Pawa saplai ya kompyuta ya kawaida hutoa waya mpana wa pini 24 kwenda kwenye bodi. Ya kwako inatoa plagi ndogo ya pini 6, na bodi ya HP ndiyo inayotengeneza volti nyingine kutoka kwenye volti 12. Waya za swichi ya mbele, taa na USB za mbele zina plagi za HP. Hata umbo na mashimo ya skrubu ya bodi hayafuati vipimo vya kawaida. Adapta za kuunganisha pawa saplai zipo, ila zinabeba jambo moja kati ya haya yote. Kwa hiyo "tutabadilisha mazabodi tu" maana yake ni bodi, kasha na pawa saplai. Juu ya hayo, leseni ya Windows iliyokuja na mashine kwa kawaida imefungwa kwenye bodi ya HP. Bodi ikiondoka, leseni inaondoka nayo. Hapo tayari umenunua kompyuta nyingine, ila kwa bei ya vipande.

Ila kabla ya kuzungumzia kununua chochote, una hakika ni prosesa inayokuchelewesha? Mimi sina hakika, na nikikisoma ulichoandika naelekea kusema siyo. Ijumaa ijayo foleni ikiwa kali, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji, na uutazame kwa dakika chache ukiendelea na kazi. Kuna mistari mitatu ya kusoma: prosesa, kumbukumbu na diski. Ukiona kumbukumbu iko asilimia 90 na zaidi, diski imekwama kwenye 100, na prosesa inazubaa kwenye 30 au 40, basi hata i9 isingekusaidia. Prosesa yako inangoja diski.

Na kuna hesabu rahisi ya kuonyesha kwa nini. Ukurasa wa A3 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi una nukta 3,508 kwa 4,961, yaani zaidi ya milioni 17. Tabaka moja lililojaa picha, lenye rangi tatu na uwazi, linakula kama MB 70 za RAM. Kijitabu cha mazishi ya mzee mwenye watoto wengi, wewe unajua, kila familia inataka picha yake, na kila picha ni tabaka. Tabaka 20 ni GB 1.4 hata kabla Photoshop haijahifadhi hatua za kurudi nyuma. Ongeza Windows yenyewe, WhatsApp ambayo wateja wanatumia kukutumia picha, na kivinjari chenye kurasa za serikali, eCitizen na KRA ya kodi, za mteja mwingine. GB 8 zimekwisha, na kompyuta inaanza kumwaga ziada kwenye diski ya kuzunguka, kifaa cha pole kuliko vyote humo ndani.

Kwa hiyo anza na SSD, diski isiyozunguka, ya SATA ya GB 480 au 500, na RAM ifike GB 16. Hata kwenye mashine hii ya 2015 utaona tofauti siku ya kwanza. RAM yako ni DDR4 ya vijiti virefu. Angalia kwanza kama GB 8 ulizo nazo ni kijiti kimoja au viwili vya 4, kisha uongeze ili vikae viwili viwili vinavyolingana, kwa sababu vikiwa jozi prosesa huvisoma kwa pamoja. Jihadhari na RAM za bei ya kutupa zilizoandikwa ECC REG: ni za seva, hazitawaka kwako. Na usikawie sana, maana mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilianza kupanda dunia nzima, viwanda vikielekeza uwezo wao kwenye vituo vya akili unde (AI).

Siku hiyo hiyo mwambie fundi asafishe vumbi na kubadilisha pesti ya prosesa. Ya kiwandani ikishakaa miaka kumi hukauka ikawa unga, na joto la Kisumu halisaidii. Prosesa ikipata moto sana hupunguza mwendo wake yenyewe, kimyakimya, na mwenye mashine huona tu "imezeeka". Programu ya HWMonitor, ya bure, itakuonyesha nyuzi joto. Ikiwa inafika 90 ukiwa unafanya kazi ya kawaida, hapo pana tatizo la shilingi mia chache. Abadilishe pia betri ya CR2032 ya bodi, kama tarehe hurudi nyuma kila stima ikipotea.

Nirudi kwenye Windows, kwa sababu hapo ndipo prosesa ina neno. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft walitoa mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida, na mpango huo ulitangazwa kufika Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, na prosesa iliyo kwenye orodha yao: kwa Intel, kuanzia kizazi cha nane, kwa AMD, kuanzia mfululizo wa Ryzen 2000, ukiacha vighairi vichache. Ndiyo sababu nimekataa i7-6700: ni pesa inayoongeza kasi kidogo na kukuacha upande ule ule wa mstari. Njia za kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyo kwenye orodha zipo na zinafanya kazi, ila Microsoft wamesema wazi kwamba mashine hizo hazina haki ya kupata masasisho. Wewe unashika vitambulisho na nywila za KRA za watu. Nisingefanya hivyo dukani kwako.

Kanuni ninayowapa wateja wangu hapa Nakuru ni kununua kile kinachohama. SSD itahamia kwenye mashine yoyote utakayonunua baadaye. RAM ya DDR4 itahamia pia, ukichagua vizuri. Prosesa ya soketi iliyofungwa haihami kwenda popote, labda kwa mtu mwingine kwa nusu ya bei. Ndiyo maana naweka elfu tisa zako kwenye SSD na RAM leo, hata nikijua mashine yenyewe utaiaga.

Na ukifika wakati wa kuiaga, nunua kasha zima la mtumba kutoka Uingereza, zile za "ex-UK" zilizojaa Luthuli Avenue na hata Oginga Odinga Street hapo kwenu, lenye i5-8500 ile ile ndani yake. Kwa HP tafuta EliteDesk 800 G4 au ProDesk 600 G4; kwa Dell, OptiPlex 7060; kwa Lenovo, ThinkCentre M920s. Zote ni kizazi cha nane na zote zinatumia DDR4. Vijiti vyako vitakubali, ila vitaendelea na mwendo wao wa 2133 badala ya 2666 ambao mashine hizo zinaweza, na macho yako hayataona tofauti hiyo kwenye CorelDRAW. Mashine inakuja na pawa saplai yake, bodi yake, na kwa kawaida leseni yake ya Windows ikiwa ndani ya BIOS. Ile ya zamani ibaki kaunta kwa kazi za kuandika tu.

Mtego mmoja: kuna matoleo madogo ya modeli hizo hizo, yale ya kukaa kiganjani, HP huyaita Mini na Dell huyaita Micro. Yanavutia kwa sababu hayali umeme mwingi, lakini yanatumia RAM fupi za laptopu, kwa hiyo vijiti vyako vitabaki droo. Mtego mwingine ni 800 G3. Inaonekana mpya, inauzwa kwa maneno matamu, lakini ndani ni kizazi cha sita au cha saba, na vyote viwili haviko kwenye orodha ya Windows 11. Muuzaji akikwambia "i5" mwambie ataje namba yote. Kwenye i5-8500 tarakimu ya kwanza, 8, ndiyo kizazi; kwenye i5-12400 ni mbili za kwanza, 12.

Kujenga kompyuta mpya kipande kwa kipande pia inawezekana, nami huipenda kazi hiyo, ila kwako si chaguo la kwanza. Ungeweza kuchukua Ryzen 5 5600G kwenye bodi ya B550, viini 6 na nyuzi 12, na RAM yako ikahamia. Zingatia hiyo G: Ryzen 5 5600 tupu haina grafiki ndani yake na haitatoa picha bila kadi. Intel nao huweka F mwishoni kwa maana hiyo hiyo. Upande wa Intel kuna LGA1700 ya kizazi cha kumi na mbili hadi cha kumi na nne, ambapo i3-12100 na bodi ya H610 zingekutosha, lakini bodi hizo zipo za DDR4 na za DDR5 na hakuna kijiti kinachoingia kwa mwenzake, kwa hiyo soma kisanduku. Soketi mpya zaidi, AM5 ya AMD na LGA1851 ya Intel, ni za DDR5 pekee. Huko RAM yako haiendi. Na feni ya LGA1150 au 1151 haifungi kwenye LGA1700, kwa sababu mashimo yalikuwa milimita 75 kati yake na sasa ni 78.

Ukiamua kununua prosesa ya mtumba siku yoyote, kwa mashine yoyote, ikatae iliyochorwa INTEL CONFIDENTIAL juu yake. Hizo ni za majaribio ya kiwandani, na BIOS za mashine za ofisi zinaweza kuzikataa. Za AM4 zina pini zake chini ya prosesa yenyewe, kwa hiyo omba picha ya upande wa chini kabla ya kutuma M-Pesa, na ukiwa unatoa feni yake izungushe polepole kushoto na kulia kwanza. Ukiivuta moja kwa moja, prosesa huja imenata juu yake na pini zinapinda. Kwenye Intel pini ziko kwenye soketi ya bodi, na ni nyembamba kiasi kwamba ncha ya kidole inatosha kuziharibu. Kusasisha BIOS kufanyike prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, mashine ikiwa kwenye UPS, na si alasiri mawingu yanapokusanyika juu ya ziwa. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kubaki na bodi isiyowaka.

Sasa kijana wako. Kadi ya michezo kwenye kasha nyembamba inabanwa na mambo mawili: urefu wa bamba la nyuma na nguvu ya umeme. Pawa saplai ya 800 G2 nyembamba ni ya wati 200 na haina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo kadi lazima iishi kwa umeme wa sloti peke yake, usiozidi wati 75, na iwe ya umbo fupi. GT 1030 inaingia kirahisi na inakula wati 30 tu, ila lazima iwe ile yenye kumbukumbu ya GDDR5; kuna nyingine ya jina hilo hilo yenye DDR4, ni ya polepole mno. GTX 1650 ya umbo fupi ni bora zaidi kwa mbali, lakini nyingi ni nene za kuchukua nafasi ya sloti mbili, basi afungue kasha apime kwanza. RX 6400 asiinunulie mashine hii: inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani mawasiliano ya sloti ya kadi, na kwenye PCIe 3.0 ya kizazi cha sita inapoteza sehemu ya nguvu yake. Kadi yoyote atakayopata ya umbo fupi, aulize kama bamba fupi limo ndani ya kisanduku, kwa sababu wauzaji wa mtumba wana tabia ya kulipoteza, na bila hilo kifuniko cha kasha lenu hakifungi.